Simu Shubiri Moja na Moyo Wangu

Tangu nilianza kuuza nguo soko la Owino, hapa Kampala, simu yangu ilikuwa inakaa ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Sisi wamama wa soko tunaweka hapo. Mwizi wa Owino anaweza kukuvua soksi na kiatu kibaki mguuni, lakini hapo hafiki.

Sasa moyo wangu ukaanza uvivu. Unapiga, unapumzika, mimi naanguka. Hospitali wakaniwekea kimashine kidogo chini ya ngozi, hapa juu ya titi la kushoto, kinausukuma. Daktari akasema simu isikae karibu nacho, na nikiongea niweke sikio la kulia. Mimi bado niko na usingizi wa sindano, aliyesikia ni binti yangu. Na huyo binti ni polisi. Ukimwambia funga mlango, yeye anafunga barabara.

Tukafika nyumbani Kasubi, akaweka kikapu mlangoni.

"Simu zote humo. Ama mnataka kumuua jjajja yenu?"

Basi wajukuu zangu, wako sita, wakachagua simu, ndani hawaingii. Wanasimama uani, "Jjajja, umeamkaje?", wananipungia mkono kama mimi ni basi inaenda Arua. Mimi na mdomo wangu huu, wiki tatu naongea na paka. Nikaona moyo umepona, lakini ukimya ndio utanimaliza.

Siku ya kurudi kwa daktari nikamuuliza, binti yangu amekaa hapo hapo, "Daktari, mwanangu, simu inaweza kuniua kutoka mlangoni?"

Daktari akacheka mpaka akatoa miwani. Akafungua mkono, kidole gumba mpaka kidole kidogo.

"Mama, shubiri moja tu kutoka kwa mashine. Usiweke kifuani. Ikiwa mezani, ama mkononi mwa mtoto, haina shida."

"Afande, umesikia?" nikamuuliza binti yangu. Tukafika nyumbani, akaondoa kikapu mlangoni yeye mwenyewe.

Jioni hiyo wakaja wote sita, wakanibana kwenye mkeka. Simu yangu nimeifunga kwenye mshipi wa gauni langu la gomesi, huko chini kiunoni. Mdogo akalala kwenye bega langu la kushoto, nikamwambia simu yake ashike na ule mkono wa mbali. Nikaanza kuwaambia vile babu yao alikuja kunichumbia na buti za jeshi za kuazima, moja kubwa, moja ndogo.

"Mama, pumzika kidogo," binti yangu akasema. "Moyo."

"Moyo una mashine. Wewe sogea usikie."

Akasogea. Nikaongea mpaka chai ikapoa.