Mkono wa Kulia kwenye Mwamba wa Lugoba

Sijapata kuona sababu ya mtu mwenye akili zake kupanda jiwe ambalo nyuma yake kuna njia. Mlima tuliopanda mimi na shemeji yangu, ndani kidogo kutoka Lugoba, una njia nyuma. Mbuzi wanaipita. Kina mama wanaipita na kuni kichwani huku wakizungumza habari za harusi. Shemeji yangu yeye alitaka apite mbele, kwenye ukuta wa granaiti uliosimama wima, kwa sababu ukuta ule una ufa mmoja mrefu kutoka chini mpaka karibu na kilele. Na ufa wenyewe, alinieleza kwa uso wa mtu anayetangaza posa, ulikuwa haujapandwa na mtu.

"Haujapandwa kwa sababu watu wana kazi," nikamwambia.

Huyu ni mdogo wake mke wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa mama mkwe wangu. Alipelekwa ng'ambo kusomea uhandisi, akarudi na shahada, ambayo sina neno nayo, na mabegi mawili ya kamba na vyuma vya kupandia mawe, ambayo nina maneno mengi. Mimi nauza kamba Bagamoyo. Babu yangu aliuza kamba, baba yangu aliuza kamba. Dukani kwetu kuna za katani, kuna za nailoni, na kuna za makumbi ya nazi kwa wazee wanaozitaka bado. Siku ya kwanza shemeji aliingia dukani, akavuta kamba yangu bora kuliko zote, akaipindapinda, akasema mbele ya wateja, "Hii ya kufungia mbuzi, shemeji." Nikacheka, maana shemeji ni mtani wangu. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka leo nikilikumbuka nakasirika.

Kupanda kule hakufanywi na mtu mmoja. Lazima awepo wa pili wa kumshikia kamba, na rafiki zake wa Dar waliokuwa wameahidi kuja walianza kupata dharura mmoja baada ya mwingine. Niliwaona wana akili kuliko nilivyowadhania. Ndipo mke wangu aliponigeukia. "Nenda naye wewe. Si mtu wa kamba wewe? Ila umrudishe kama ulivyomchukua." Mama mkwe hakusema mengi. Alinifuata mpaka mlangoni na bakuli la halua, akaniambia, "Nina huyu mmoja tu, baba."

Basi nikafundishwa. Wiki mbili, kila baada ya laasiri, kwenye boriti ya ghala langu mwenyewe, nilifundishwa kushika kamba na mtu aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nafunga robota za kamba. Kazi yenyewe haina makuu. Kamba inapita kwenye kichuma kilichoning'inia kiunoni mwa mshikaji. Mkono wa kushoto unailisha kwenda juu kwa anayepanda. Mkono wa kulia unashika mkia wa kamba, chini ya kile kichuma, na hauachii. Mwenzako akianguka, mkono wa kulia unavuta chini, kamba inabana, naye ananing'inia. Mkono wa kulia usipokuwepo, kamba inakwenda tu, na mtu anakwenda nayo.

"Hauachii hata ukiumwa na nyuki," shemeji akaniambia. Alilirudia hilo neno mpaka nikamwuliza kama ananiona mtoto wa chekechea.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Makurunge tulipita yeye akinieleza aina za nyufa: za vidole, za kiganja, za ngumi. Kiwangwa tulipita akinieleza aina za vyuma. Msata nikafungua redio. Lugoba yenyewe ilikuwa imeshaamka, magari ya kokoto yanaingia na kutoka, vumbi jeupe juu ya kila kitu. Hapo nikamwonyesha kwamba wenzetu wa Lugoba wakitaka kitu kutoka kwenye granaiti huipiga baruti wakaisaga, wakapata barabara na nyumba. Yeye anataka nini? Akasema anataka kujua kama anaweza. Nikamwambia kuna watu wanajua hilo kwa kulima ekari mbili.

Chini ya mlima kuna nyumba ya mzee mwenye mashamba yanayopakana na ule mwamba. Hapo nikamsimamisha shemeji, kwa kuwa nilimjua: angepita moja kwa moja. Mimi nimelelewa. Mama yangu alinipiga mwiko kiganjani kila nilipotoa mkono wa kushoto, na mpaka leo mkono wangu wa kulia unatangulia wenyewe nikiona mvi. Kwetu unamwendea mkubwa, unainama kidogo, unampa wa kulia, unaubusu wake, ndipo mengine yafuate. Mzee hakuwepo, katoka kutafuta mbuzi. Mkewe akatupa ruhusa. Shemeji, mhandisi mzima, alimwambia yule bibi "mambo" kisha akakumbuka akasema "shikamoo." Niliona aibu kwa niaba ya ukoo wote. Nikamwambia bibi kwamba mzee akirudi amfikishie salamu zangu, na kwamba nitakuja kumwamkia mwenyewe kwa mkono wangu.

Kisha yakaanza maonyesho. Shemeji akajizungushia plasta viganjani kama mtu aliyeungua na mafuta. Akavaa viatu vya mpira vilivyombana mpaka akawa anatembea kama anakanyaga makaa. Akafunga kiunoni mfuko wa unga mweupe, akachovya vidole, nikamwuliza chapati ni ngapi. Vyuma vilimning'inia pande zote mbili, kila hatua vinalia, na mimi nyuma yake na kofia ngumu ya manjano niliyoitoa dukani.

Tulipanda kwa vipande vitatu. Kila kipande anatangulia yeye, anachomeka vyuma ndani ya ufa na kuvipitishia kamba, mpaka apate mahali pa kusimama. Anajifunga kwenye jiwe, halafu mimi namfuata huku nikivichomoa. Kipande cha kwanza sitakisema sana. Unaingiza kiganja ndani ya ufa, unakikunja ili kijaze nafasi, kisha unakiamini. Hakuna cha kushika. Mkono wako ndio unakuwa kabari. Ngozi ya juu ya viganja niliiacha palepale. Nilimlaani shemeji kwa kila hatua. Alinijibu kutoka juu, "Unapanda vizuri!" Sikutaka kusifiwa na yeye.

Kipande cha pili kilitufikisha kwenye ubao mpana wa jiwe, mpana kama kibaraza cha nyumba, wenye nyasi na mavi ya mbuzi. Mavi ya mbuzi! Tumejichubua saa mbili nzima kufika mahali mbuzi anapokuja kunya. Kumbe ile njia ya nyuma ina mchepuo unaotokea pale. Nilimwonyesha shemeji yale mavi kwa kidole, nikaona yanatosha.

Akacheka. Akanifunga mimi kwenye jiwe kwa vyuma vitatu, akakagua mafundo yangu, akaanza kipande cha tatu, ambacho ndicho kigumu. Ufa pale unapanuka. Kiganja hakijazi tena, ngumi nayo haijazi vizuri, na ukuta unakusukuma nje kidogo. Nilimwona akipanda, mguu ndani, ngumi ndani, anahema. Chuma chake cha mwisho kilikuwa kimeshabaki chini ya miguu yake, mbali kuliko nilivyopenda. Angeanguka hapo angepita ule urefu, na mwingine kama huo, kabla kamba haijambana. Na hapo ni ikiwa kuna mkono wa kuibana.

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nikageuka, nikamwona mzee, kanzu imefungwa kiunoni, fimbo mkononi, anatoka kwenye ule mchepuo. Nilijua palepale ni nani. Ni mwenye mashamba, niliyeahidi kumwamkia, naye kanikuta juu ya mlima wake nimefungwa kwenye jiwe kama ng'ombe na kofia ya manjano kichwani. Nikaona haya. Nikasema, "Shikamoo mzee," nikainama kadiri kamba zilivyoniruhusu, nikampa mkono.

Mkono wa kulia.

Mzee hakuupokea. Aliutazama tu ukiwa umenyooshwa hewani, naye mikono yake ikabaki kwenye fimbo. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa dharau. Nikasema moyoni, mzee gani huyu, amezeeka bila kufunzwa? Ananinyima mkono? Nikazidi kuunyoosha. Nilitaka aibu imshike.

Huko juu shemeji akapiga kelele, "Kamba! Nipe kamba!" Alikuwa amechomeka chuma na anavuta kamba aipitishe. Nikaisikia ikinipita kiunoni, laini, bila kizuizi chochote, inakwenda tu.

"Haya ndiyo mambo!" akaita. "Sasa umejua kulegeza, shemeji! Tangu asubuhi unanibania!"

Mzee akasema, taratibu, "Kamata kamba, bwana. Salamu haiozi."

Nikautazama mkono wangu. Sijui ulikuwa hewani kwa muda gani. Naweza kusema pumzi nne, naweza kusema sita. Nikauteremsha, nikaushika mkia wa kamba, nikaubana mpaka vidole vikafa ganzi, na jasho likanitoka la baridi kwenye jua lile. Mzee akaniitikia, "Marahaba," akanipita, akaendelea kutafuta mbuzi wake.

Shemeji hakuanguka. Hilo ndilo jambo zima, na ndilo linaloniudhi. Alifika juu, akapiga yowe la furaha, akajifunga, akaniita. Kipande cha tatu nilikipanda bila kumlaani hata mara moja. Alidhani nimechoka. Kileleni alinikumbatia, akanipiga picha ambayo mke wangu ameiweka mpaka leo kwenye simu yake. Ninaonekana mtu mzito, mwenye fikra.

Tuliteremka kwa njia ya nyuma kama binadamu. Mzee alikuwa kwake, mbuzi wamepatikana. Nikamwendea, nikainama, na safari hii akaupokea mkono wangu, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Kisha akamtazama shemeji.

"Huyu nduguyo ana adabu sana," akamwambia. "Ana adabu kupita kiasi."

Shemeji akafurahi. Akasema ndivyo tulivyolelewa, mzee.

Kuna watu wanaosema uongo kwa maneno. Mimi nilisema wangu kwa kula. Jioni ile tulikuta sinia la wali na nyama ya mbuzi kwa mama mkwe, watu wamekaa, na shemeji akasimulia. Aliusimulia ule ufa, ile ngumi isiyojaa, ule ukuta unaosukuma nje. Akafika hapo, akanionyesha kwa kidole chenye plasta. "Pale nilijua nikikosea nimekwisha. Nikajiambia, usitazame chini, chini kuna shemeji. Mkono wa huyu haujaachia kamba hata mara moja tangu asubuhi."

Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tuoane. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikatafuna.

Mama mkwe akanyanyuka mahali pake. Alinijia, mtu mzima yule, akauchukua mkono wangu wa kulia uliochubuka, kwa mikono yake miwili, akaubusu na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama sisi tunavyowafanyia wakubwa. Mbele ya watoto. Nilijaribu kuuvuta, akaubana.

"Mama," nikasema, "kamba yake ndiyo nzuri."

Watu wakacheka, wakasema huyu bwana hata siku ya leo anafikiria biashara.

Tangu hapo shemeji huniomba kila sikukuu turudi. Namwambia mawe ni ya kusaga. Namwambia mbuzi walishafika kabla yake, wala hawakujipaka unga. Dukani nawachekesha wateja kwa viatu vyake na plasta zake, najua kumwigiza anavyotembea, na watu wanasema sina dogo kwa huyu kijana. Mwezi uliopita alikuja tena, na safari hii hakuniomba kwa ajili yake. Anataka kumpandisha binti yangu mkubwa, na binti anataka. Mke wangu akasema yeye hana wasiwasi, maadamu kamba anaishika baba yake.

Nikamwambia binti yangu kwamba ule ni upuuzi wa watu wasio na kazi, na kwamba katika nyumba yangu hatapanda mtu. Akalia. Akaniuliza kwa nini namdharau mjomba wake kiasi hiki. Nikamnyooshea mkono nimfute machozi, halafu nikauona ni upi, nikaurudisha.