Shati la Anselme

Jumamosi ile Veronika, mke wangu, alikuwa uani anachambua maharage na kuwasimulia watoto maisha ya Mtakatifu Rita, kama alivyofanya kila Mei. Mume wa Rita aliuawa na maadui, na wanawe wawili wakaapa kulipiza. Mama yao akalificha shati la baba yao lenye damu wasilione, kisha akamwomba Mungu awachukue kabla hawajaua mtu. Wakafa kwa ugonjwa.

"Kwa hiyo hakuwapenda?" akauliza Dieudonné, mwanetu mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Mama wa namna hiyo ningemrudisha kwao siku hiyohiyo," nikasema.

Tukacheka. Hata Veronika alicheka, akanirushia punje ya harage. Tulikuwa Kivu, mimi nikiwa karani wa parokia, na vita kwetu ilikuwa bado ni habari ya redioni.

Saa saba mchana wakaja.

Walishuka kupitia migombani na bunduki, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa Anselme, mdogo wangu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Hawakugusa nyingine.

Tulilala kifudifudi.

Risasi tatu.

Tulimzika bila jeneza. Kabla ya kumzika, Veronika alimvua shati, akalisukuma chini ya gunia la makaa. Hakueleza sababu, lakini niliijua, na ilinikera kwamba mke wangu alitaka kunituliza kwa hadithi ya Ulaya.

Nililitoa. Nikalitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya ua, nikamwita Dieudonné.

"Hesabu matundu."

Akahesabu.

"Aliyewaonyesha nyumba ni Bulambo, mshona viatu," nikamwambia.

Ushahidi wangu ulikuwa huu: Bulambo na Anselme waliwahi kugombania mpaka wa shamba, na siku ile Bulambo hakuonekana kijijini. Sikuwa na kingine.

"Baba Dieudonné, lishushe," Veronika akasema.

Sikulishusha. Siku ya tano kijana akaingia msituni kwa wapiganaji wa kwetu. Baada ya miezi miwili alirudi, akasimama mlangoni. "Baba, ile kazi nimeimaliza."

Nilimkumbatia. Sitaki kudanganya hapa: nilifurahi, na nililala usingizi mzuri. Wiki tatu baadaye na yeye akauawa, njiani, na mwili wake hatukuupata.

Sasa tunaishi ukimbizini, Laurel, Maryland, pamoja na binti yetu, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mwaka huu, sikukuu ya Mtakatifu Rita, kina mama Wakongomani walikuja kwenye fleti yetu baada ya misa, kila mmoja na waridi lake lililobarikiwa. Wakaniomba niwasomee maisha ya mtakatifu. Nilipofika kwenye shati, nikafunga kitabu.

"Papa amesoma mpaka njaa imemshika," mmoja akanitania. "Mpeni chakula."

Aliyeniletea sahani alikuwa mgeni, mama wa makamo kutoka mji wa Sterling, anayefanya usafi uwanja wa ndege.

"Papa, nasikia mlitoka parokia yetu," akasema. "Mimi ni mtoto wa Bulambo, mshona viatu."

Nikaiweka sahani chini.

"Siku walipomuua Anselme, baba alikuwa hopitali mjini, amepasuliwa ngiri. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Aliporudi, tayari watu wanamwita msaliti." Akasogeza kiti karibu. "Wewe ulikuwa kule. Nani alimuua baba? Mwanangu ana miaka ishirini na mbili. Kila siku ananiuliza jina, jina tu."

Ningeweza kusema sijui. Veronika alikuwa amesimama na birika, ananitazama.

"Ni mwanangu, Dieudonné. Amekufa. Lakini jina la baba yako nilimpa mimi."

Mtoto wa Bulambo akarudisha kiti chake nyuma.

"Aliyekufa sina kazi naye," akasema. "Wewe uko hai."

"Ndiyo."

"Nikimwambia mwanangu, atakuja hapa. Namjua."

"Na aje."

"Unapenda aje, ili upumzike." Sauti yake haikupanda. "Wewe utazikwa, yeye atazeekea gerezani. Sikupi mwanangu, mzee. Na usifikiri nimekusamehe. Nimekuchukia kuanzia leo, na hiyo chuki nitaibeba mwenyewe. Yeye hilo jina hatalisikia."

Akachukua mkoba wake, akawaaga kina mama wenzake mmoja mmoja kwa upole, akaondoka.

Wageni walipokwisha kutoka, Veronika alianza kukusanya sahani. Kwa miaka yote hii hakuwahi kunilaumu, na mimi nilikuwa nikidhani huko ndiko kusamehewa.

"Yule mama," akasema, bila kunitazama, "leo atakula na mwanawe."

Akaendelea kukusanya sahani. Nilitaka kumsaidia, lakini sikuinuka.