Maana ya Sajini

Jumamosi asubuhi watoto wa hapa kijijini Wanyange hukaa kwenye mkeka wangu, tukabangua maneno ya Kiingereza kama karanga. *Window*, dirisha, lilikuwa jicho la upepo. *Muscle*, msuli, alikuwa panya mdogo, kwa kuwa watu wa kale waliona kitu kikikimbia chini ya ngozi ya mkono. Hapo kila mtoto hukunja mkono na kumtafuta panya wake. Hadithi hizo ndizo ninazozikusanyia kitabu chao.

Kila ukurasa niliupeleka kwanza Nakaloke, kwa baba. Baba alikuwa askari magereza, Mgisu. Mama alikuwa Msoga wa Jinja. Walikutana katika Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, na sisi tukakulia humo. Hata nyumbani mama alimwita Sajini. Alipiga magoti na jagi na beseni, akamnawisha: "Karibu chakula, Sajini." Sisi tulinyamaza mpaka akaushe mikono. Sasa amestaafu, mama tumemzika, na cheo hicho ndicho kilichombakia. Nilitaka akikute kitabuni, afurahi.

Nilimsomea barazani, binti wa dada yangu ameegemea goti lake. Neno hili, nikasoma, lilitoka kwa Warumi likapitia Ufaransa, na mwanzoni sajini alikuwa mtu anayetumikia wengine.

"Mutumishi?" baba akauliza. "Kama boi?"

"Si boi, baba. Ni mtu wa—"

"Boi."

Mtoto akaruka kwa furaha. "Babu ni boi! Boi, leta chai! Weka sukari mingi!"

Nilimkemea. Baba akaniinulia kiganja.

"Wacha yeye. Ni kweli. Mimi nilitumikia serikali. Viatu ya bwana mkubwa nilipiga rangi mpaka naona meno yangu ndani. Hata wafungwa nilipelekea maji." Akageuka kuutazama mlango wa jikoni. "Sasa mama yako. Yeye aliita mimi hiyo neno kila siku. Yeye nilipelekea nini?"

Nikasema ningeweza kuutoa ukurasa ule.

"Wacha ikae. Neno haina kosa."

Dada yangu, anayeishi naye, akaleta chakula. Akapiga magoti mbele ya baba na jagi na beseni, kama mama alivyozoea. Baba akamnyang'anya.

"Amka. Leta mikono."

"Sajini, vipi tena?" dada akasema, akicheka kwa wasiwasi.

"Leta mikono, nasema."

Hakujua kunawisha. Aliyamwaga maji kama mtu anayezima moto, yakalowesha gauni la gomesi la dada, yakanirukia magotini. Kisha akamgeukia mjukuu, akainama kwa shida, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Karibu chakula," akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mezani kwetu.

"Babu, inatosha," mtoto akasema. Hakuwa akicheka tena. "Babu, imejaa."

Beseni lilikuwa likifurika sakafuni. Baba aliendelea kumimina, uso wake ukielekea jikoni, na maji yalipokwisha bado aliliinamisha lile jagi.