Mistari ya Unga

Wiki iliyopita nilikuwa nafua blauzi nyeupe kwenye bomba la nyuma ya bweni letu, hapa chuo kikuu, na kidonge cha bluu kikanivunjikia mkononi kabla sijakitia kwenye maji. Nilisugua viganja mpaka vikauma, rangi haikutoka. Mwenzangu wa chumbani akacheka, akasema nafanana na karani aliyemwagikiwa na wino. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale bombani. Nilikuwa Tunduma, uani kwetu, nina miaka tisa, na mbele yangu kuna karai limejaa fulana kumi na moja.

Zilikuwa fulana za timu ya Tajiri. Nakuomba unisikilize vizuri, maana nikiwasimulia wenzangu hapa hawaniamini. Wanasema nchi hii haijawahi kuwa na wachezaji wa kulipwa, michezo yetu ni ya ridhaa, ndivyo sera inavyosema. Sera nimeisoma. Lakini wachezaji wa kulipwa sita walilala nyumbani kwetu kwa misimu miwili, na jasho lao nimelifua mimi. Sasa niamini kipi?

Tajiri alikuwa na malori yaliyovuka mpaka. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kanzu safi kila Ijumaa na mguu mmoja usiokunjika. Watu walisema mguu ule ulivunjika uwanjani alipokuwa kijana, na hapakuwa na mtu wa kumpeleka hospitali mapema. Nadhani ndiyo sababu aliunda timu ambayo mchezaji akiumia, analala kitandani na mshahara wake unaendelea. Aliwakusanya vijana kutoka Mbeya, Iringa na kwingineko. Kwenye karatasi waliandikwa utingo wa malori, ili wakubwa wasiulize sana. Kazi yao ilikuwa mpira. Mwisho wa mwezi walipata mshahara, kipande cha sabuni na kifuko cha sukari, vitu ambavyo wakati ule hata mwalimu mkuu alivipangia foleni.

Jezi za dukani hazikupatikana, basi fundi alishona fulana za kitambaa cha marekani na kuzitia bluu ya kufulia. Wachezaji wakitoka jasho, rangi iliwachuruzika. Mechi ikiisha walikuwa na vifua vya bluu na shingo za bluu, na Jumatatu mimi nilikwenda shule na mikono ya bluu. Mwalimu wa zamu aliwahi kunitoa mbele ya wenzangu akaniuliza nimeiba wino wa nani.

Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni inapenya blanketi. Asubuhi nilisikia miguu yao ikikimbia kwenye changarawe kuelekea kwenye tuta la reli iliyokuwa inajengwa, halafu kimya, halafu wanarudi wakihema kama wanasukuma gari. Mara nyingine walikuwa wanasukuma gari kweli. Tajiri aliamini kwamba kusukuma lori lisilowaka ni zoezi zuri, na malori yake yalihakikisha zoezi halikosekani. Wakifika, Mama alikuwa ameshaweka sufuria ya uji jikoni, na ua mzima unanuka moshi, jasho na mafuta ya kuchulia misuli. Walikula wakitaniana. Beki mmoja alikuwa na masikio makubwa, na kila siku waliambizana wamwache nyuma kwenye upepo, asije akapeperuka.

Mmoja wa wale sita alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, kipa wa timu na nahodha wake. Alikuwa na mikono mirefu iliyoonekana kama ameazima kwa mtu mwingine. Nakumbuka siku balozi wa nyumba kumi alipokuja na daftari lake kuandikisha kila mtu na kazi yake.

"Wewe kijana, kazi yako?"

"Mpira, mzee."

"Sijauliza unapenda nini. Nimeuliza kazi."

"Ndiyo hiyo. Nalipwa kwa kudaka."

"Na wanaokupigia huo mpira, wanalipwa?"

"Hao hawalipwi."

"Basi wanaofanya kazi ni wao," balozi akasema, akalamba ncha ya penseli, akaandika: utingo.

Wachezaji walicheka mpaka uji ukawapalia. Mjomba hakucheka. Swali lile ndilo aliloulizwa na Bibi kila alipokwenda kwao Ruanda, kule Mbozi, na Bibi hakuwa na daftari la kuandika uongo. Mjomba alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Babu alikuwa ameshafariki na kuacha mikahawa inayohitaji mikono ya kuipogoa. Kwa Bibi, kazi ilikuwa kitu unachoweza kukionyesha mtu kwa kidole: tuta, gunia, ukuta. Alikuwa akiuliza, "Hicho unachokidaka, unakipeleka wapi?" Mpira ukishaudaka unaurudisha tu.

Mwishoni mwa msimu wa pili Tajiri alitangaza kwamba tutawaalika vijana wa ng'ambo, upande wa Zambia. Timu yake ikishinda, ataiendeleza mwaka mwingine. Ikishindwa, basi, maana hali ilikuwa inabana hata kwake. Mjomba akamtumia Bibi ujumbe: aje aone kwa macho yake. Akiona kisha bado aseme si kazi, yeye atafunga virago arudi kwenye mikahawa. Mama alimwambia amejifunga kamba shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Mjomba alijibu kwamba anachotaka ni kuonwa mara moja tu na mtu anayemjua.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimetupita, na dukani ulikuwepo unga wa yanga tu, ule wa njano, unaonuka ghala. Tulipanga foleni tangu alfajiri, na ukifika mbele unaweza kuambiwa umekwisha. Sisi watoto tulikuwa tunasimuliana ugali mweupe kama watu wanavyosimuliana ndoto.

Asubuhi ya mechi nilikuwa uwanjani na Mjomba, nimeshika ncha ya kamba ya kunyooshea mistari. Kwa kawaida mistari ile tuliichora kwa majivu ya majikoni, na upepo uliifuta kabla ya mapumziko. Lori la Tajiri likaja, likashusha magunia mawili. Mjomba akafungua moja, akachota, akanusa. Mimi nilijua kabla hajasema. Ulikuwa unga wa sembe, mweupe kama pamba, kutoka ng'ambo.

"Mzee, huu ni unga," akasema.

"Najua. Nimenunua mimi," Tajiri akajibu. "Chokaa hakuna mji mzima. Unataka wageni wakute majivu? Wakirudi kwao waseme Tunduma wanacheza kwenye jaa?"

"Watu wetu wataona."

"Waone. Na wewe unalipwa na mimi, hulipwi na watu."

Nimemfikiria sana Tajiri kwa siku ile, na siwezi kumchukia. Mtu anayeishi mbali na mpaka hawezi kulielewa kosa lake. Sisi wa mpakani tunaishi kama watu waliojenga dirisha kwa dirisha na jirani. Wakati wote tunajua anatuona, na tuko tayari kulala njaa ili mradi sahani yetu ionekane safi. Tajiri hakuwa mkatili. Alikuwa anaona aibu, kwa niaba yetu sote.

Mjomba aliliinua gunia. Kisha akaanza kumwaga. Alichora mistari ya pembeni, duara la kati, na mwisho eneo la goli lake. Mstari wa kumi na nane aliuchora mnene kuliko yote. Nilimfuata na kamba yangu, nikilamba vidole alipogeuka.

Watu walianza kufika jua likiwa limepanda. Bibi alishuka kwenye lori la mizigo kutoka Ruanda na mkungu wa ndizi kichwani, amevaa kanga mpya. Mjomba akamkimbilia, akampigia magoti, akamtafutia kiti. Bibi akaketi, akauangalia uwanja.

"Ile mistari ni ya nini?" akaniuliza kwa Kinyiha.

Nikamweleza ni ya kuonyesha mpira umetoka.

"Nimeuliza ni ya nini," akarudia, na nikaelewa. Nikamwambia ni unga.

Kabla Bibi hajainuka, mama mmoja upande wa pili alikuwa ameshapiga magoti. Aliugusa mstari, akaonja, akafungua kanga yake chini na kuanza kukusanya kwa viganja, polepole, akiacha mchanga. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Hawakupigana wala hawakupiga kelele. Bibi akainuka kwenye kiti alichotafutiwa, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye goli la mwanawe, akapiga magoti kwenye ule mstari mnene. Mjomba alikuwa amesimama ndani ya eneo lile, hatua chache tu kutoka kwake. Alitazama juu, akatazama chini, hatimaye akachuchumaa na kumshikia mama yake pindo za kanga.

Wageni waliokuwa wanapasha misuli walisimama. Mmoja wao akasema kitu kwa Kibemba, na wenzake wakainama, wakaanza kuwasaidia kina mama wa upande wao wa uwanja. Tajiri aligeuka, akatazama barabara.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa darasa la saba shuleni kwetu. Uwanja ulipobaki mchanga mtupu wenye alama za vidole, alitangaza, "Tutacheza hivyo hivyo. Mistari iko kichwani mwangu." Mtu mmoja akamjibu kutoka kwenye umati kwamba hata majina ya wanafunzi hayakai humo kichwani. Watu wakacheka, na kicheko kile kikaturuhusu kuendelea.

Sijaona tena mpira kama ule. Mpira ulihesabiwa umetoka pale ulipogonga mguu wa mtazamaji. Mjomba alidaka kwa kichwa, kwa kifua, kwa magoti, na fulana yake ikawa mabaka ya bluu na vumbi. Kila alipodaka nilimtazama Bibi. Alikuwa amekumbatia furushi lake la unga, na midomo yake inacheza bila sauti.

Zilibaki dakika chache, bila bila, mshambuliaji wao akatoroka peke yake. Mjomba akatoka langoni mbio, akaruka, akaukumbatia mpira. Filimbi ikalia. Mwalimu akaonyesha kwamba kipa amedaka nje ya kumi na nane. Uwanja ukachafuka. Wetu walisema ndani, wao walisema nje, kila mtu akichora mstari wake hewani. Tajiri akaingia akiuburuta mguu wake.

"Sema ulikuwa ndani," akamwambia Mjomba. "Hakuna anayeweza kukukatalia. Sema."

Mwalimu, nadhani, hakuwa na hakika mwenyewe. Akasema, "Kipa aseme. Nitafuata neno lake."

Mjomba aliitazama ardhi. Kisha akamtazama Bibi, na furushi lake.

"Nilikuwa nje," akasema.

Wageni wakapiga adhabu ile, ikaingia, na mchezo ukaisha hivyo. Tajiri alikwenda kuketi kwenye bampa la lori lake. Hakugomba. Mjomba alipompelekea mpira, alisema tu, "Nilikuweka udake, hukuwekwa uamue." Siku iliyofuata aliwalipa wote mpaka senti ya mwisho, na kila mmoja akapewa lori la kumfikisha kwao. Timu ikawa imekwisha.

Jioni ile Bibi hakumruhusu Mama kugusa sufuria. Alichekecha ule unga mara tatu, akasonga ugali mweupe, wa kwanza kwetu kwa miezi mingi. Ulikuwa bado na mchanga, ulilia menoni kama sukari guru. Wachezaji wote sita walikaa wakisubiri. Sasa, nyumbani kwa Bibi kulikuwa na utaratibu mmoja: anayepakuliwa kwanza si mkubwa wala mgeni, ni yule aliyetoka kulima. Nilikuwa nimemwona akimpa sahani ya kwanza kibarua kabla ya mchungaji wa kanisa. Jioni ile alikata ugali, akaupita mkono wa Mama uliokuwa umenyooshwa, akaiweka sahani ya kwanza mbele ya Mjomba. Mjomba alichelewa sana kuanza kula.

Asubuhi Bibi na Mjomba wakaondoka pamoja kwenda Ruanda.

Kwenye uwanja ule leo malori yanalala yakisubiri zamu ya kuvuka. Tajiri amerudi Tanga. Yule beki wa masikio, nasikia, anauza vitenge ng'ambo, na wengine wanne sijui waliko. Hakuna kitabu kilichowaandika. Kwenye daftari la balozi, kama bado lipo, ni utingo. Najiuliza kama walionewa au walipendelewa, kama ni sawa mtu kulipwa kwa kucheza wakati wengine wanalipwa kwa kubeba, na kila nikikaribia jibu nauona uso wa Mjomba pale mbele ya sahani.

Bibi alifariki mwaka juzi. Likizo iliyopita nilikwenda Ruanda kumsaidia Mjomba kuchuma kahawa. Ndiye mwenye shamba sasa, na mikono ile mirefu inafika matawi ambayo sisi tunayaletea ngazi. Nilimuuliza kile nilichokuwa nimekiweka moyoni miaka yote: Je, siku ile alikuwa nje kweli?

"Sijui," akasema. "Mstari haukuwepo."

"Sasa kwa nini ulisema nje?"

Alichuma tawi zima kabla ya kunijibu.

"Asubuhi nilikuwa nimeshatii mara moja," akasema. "Mara ya pili siku hiyohiyo ilinishinda."