Nukta Sita za Rangi ya Kucha

Mgonjwa aliletwa Jumanne asubuhi, amefungwa kwa shuka ya maua, amepakatwa na mwanamume wa miaka arobaini na ushei aliyetoka mji wa Lukang kwa basi la alfajiri. Shangazi Yu-lien alimtazama juu ya miwani, akasogeza kando kikombe chake cha maziwa ya soya, akapangusa meza. Kwenye ghorofa ile ya pili ya soko la kompyuta, Taipei, vibanda vingi siku hizi ni vya vijana wanaouza taa za kumetameta na viti vya wacheza gemu. Cha kuhangaika na mashine kuukuu kimebaki kimoja tu, na mwenyewe ana miaka sitini na saba na hajawahi kuhitaji tangazo.

"Inaumwa nini?"

"Haiwaki, Shangazi. Yaani feni inazunguka, taa iko, lakini kioo cheusi tii. Hata kulia hailii."

"Ilianza yenyewe, au ilisaidiwa?"

Mwanamume, jina lake Hsiao Tien-fu, akainamisha kichwa. "Nilisoma mtandaoni kwamba nikiipa BIOS mpya itakubali diski kubwa."

"Ahaa. Ilisaidiwa."

BIOS ni ile programu ndogo inayoamka kabla ya zote, inayokaa kwenye chipu moja ya ubao mama, ule ubao mkuu wa kompyuta, na kuziamsha nyingine. Ikiharibika hiyo, mashine inakuwa kama nyumba ambayo hakuna wa kutangulia kuamka akawasha jiko: watu wote wamo ndani, wazima, wamelala.

"Umeme ulikatika katikati?"

"Hapana. Ilisimama kwenye asilimia sabini, nikaona imeganda, nikachomoa."

"Haraka haraka..."

"...haina baraka. Mke wangu keshanisomea hiyo wiki nzima."

"Na pakiti ya kijani uliiweka juu yake?"

"Niliiweka!" Tien-fu akachangamka. Hakuna Mtaiwani anayeishi na mashine asiyeitegeshea ile pakiti ya vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ili itulie na kutii.

"Mwisho wa matumizi lini?"

"Mwaka juzi," Tien-fu akasema.

Shangazi alicheka mpaka miwani ikamteleza. Lakini Tien-fu hakucheka, na alipoeleza sababu, kicheko kikamkauka na yeye. Kompyuta ile ndiyo iliyoongoza cherehani ya kutarizi aliyoachiwa na baba yake. Kadi iliyounganisha viwili hivyo iliingia kwenye ubao wa zama zile tu, mpya zote zinaikataa. Joho la Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, wa hekalu la mtaani kwao lilikuwa limetariziwa mkono mmoja. Wa pili haukuwa na joka, na joka lenyewe lilichorwa na marehemu baba. Zilibaki siku tisa tu sanamu ya Mama itolewe kwenye maandamano.

"Atatoka na joka moja," Tien-fu akasema. "Tangu babu, nyumba yetu haijapata aibu hiyo."

Yu-lien akachukua bisibisi. Alitoa memori zote akawasha, akitega sikio: mashine yenye uhai, ukiinyima memori, italalamika. Haikulalamika. Alitoa betri bapa, akasubiri, akairudisha. Kimya. Akatia diski laini ya uokoaji, na kisomaji chake hakikujaribu hata kuisoma. Ndipo alipoinama kwa kurunzi kwenye chipu yenyewe, akanusa.

"Nani aliitoa hii?"

"Mimi. Niliona kwenye video wanaitoa, wanairudisha."

"Uliitoa kwa kutumia nini?"

"Kisu cha kumenyea matunda."

"Ukairudisha kinyume. Hii kona iliyokatwa ilitakiwa iangalie huku. Umewasha umeme, umeichoma. Mwanangu, ungeishia kwenye kuchomoa waya, tungekuwa tumemaliza sasa hivi."

Alizunguka sokoni na ile chipu kiganjani. Vijana waliigeuza kama walioonyeshwa jino la babu yao. Aliyejua walau jina lake alisema anaweza kuiagiza ng'ambo, wiki tatu. Yu-lien akarudi polepole, kwa sababu njia nzima alijua iko wapi chipu nyingine, na hakutaka kuijua.

Ilikuwa juu ya rafu, nyuma ya redio, ndani ya mfuko wa kijivu.

Miaka ishirini na miwili Yu-lien alifanya kazi kiwandani Taoyuan, kwenye meza ya wanawake sita walioziandika chipu hizo, yaani kuzitia ile programu, na kuzipachika kwenye ubao mama. Ili kosa lijulikane ni la nani, kila mmoja alitia nukta ya rangi yake ya kucha. Msimamizi alifoka kwamba hapa si saluni, kisha akaona inamsaidia, akanyamaza. Yu-lien alikuwa mwekundu. A-hung alikuwa waridi, akiimba kwa sauti mbaya bila haya. Su-chen alikuwa zambarau, na akikuona umeshika tama alikugonga kiwiko: "Amka dada, mkono usio na kazi unaota kutu!" Saa mbili kamili asubuhi waliwasha ubao wa kwanza wa siku, wote sita wakinyamaza, hata A-hung, mpaka ulie mara moja, mlio mfupi: pi! Ukilia hivyo maana yake mzima. Hapo ndipo soga zilipoanza. Jamani, walicheka pale mezani! Yu-lien hajapata kucheka vile tena mahali popote, hata harusini kwake.

Kisha kiwanda kikahamishiwa ng'ambo. Siku ya mwisho waliandika chipu moja, wakaitia nukta zote sita, wakampa Yu-lien pamoja na ubao wake kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Miaka kumi na tisa hakuiwasha. Aliogopa isije ikafa mikononi mwake kama Su-chen alivyokufa, hospitali, wakisubiri majibu.

"Nenda kale tambi kule chini," akamwambia Tien-fu. "Usirudi mpaka umalize na supu."

Alipobaki peke yake alikaa na ule mfuko mapajani. Akaona uchungu, na hasira pia, kwa huyu mtu mzima wa kisu cha matunda. Akaikumbuka mikono miwili ya joho, mmoja mtupu. Akafungua mfuko. Nukta zilikuwa zinang'aa vilevile. Akaing'oa chipu kwenye ubao wake kwa koleo lake la zamani, miguu yote ikatoka mizima, akaipachika kwenye ubao wa Tien-fu, kona ikiangalia inakotakiwa. Akawasha.

Pi!

Tien-fu aliporudi alikuta kioo kimejaa maandishi meupe na fundi wake analia waziwazi, pua imemwiva.

"Imekufa kabisa?"

"Imewaka, mjinga wewe. Hii ni ya kuazima, unanisikia? Ile ya kuagiza ikifika, unanirudishia. Na ununue pakiti mpya."

Wiki tatu zikapita, na moja juu yake. Tien-fu akaja tena na shuka ya maua, na kompyuta, na keki za ufuta kutoka kwao, na picha ya Mama Mazu mabegani mwa watu, majoka mawili mikononi. Chipu mpya alikuwa ameichukua kwa kijana wa pale mbele. Yu-lien aliiandika kwa dakika mbili, akafungua kompyuta, akashika koleo.

Nukta sita zilimtazama. Waridi imebanduka kidogo.

"Huwa unaiwasha saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili, Shangazi. Baba alikuwa akianza saa mbili, na mimi sikubadilisha."

"Inalia?"

"Mara moja. Mke wangu anasema ndiyo saa yake."

Yu-lien akakaa na koleo hewani. Halafu akalirudisha kwenye droo, akamsukumia Tien-fu ile chipu mpya.

"Weka hii kabatini, ya akiba. Na kisu usikiguse."

"Lakini Shangazi, tulikubaliana ni ya kuazima. Ni kumbukumbu yako!"

"Iache ilipo. Su-chen hakuwa mtu wa kukaa rafuni."