Madoa ya Kibirizi kwenye Gari la Kaka

Kaka yangu mkubwa alipokwenda kuhiji aliniachia gari lake. Lilikuwa Pijo la buluu, la siku nyingi lakini linang'aa, maana kila Ijumaa asubuhi alilikosha kwanza ndipo akaoga mwenyewe. Alinikabidhi ufunguo nyumbani kwake Ujiji, mbele ya mke wake.

"Liwashe mara moja moja, betri isilale," alisema. "Mama akiumwa, mpeleke hospitali. Kwa shughuli nyingine yoyote muulize shemeji yako kwanza. Nikirudi nilikute kama nilivyoliacha."

Nikasema inshallah. Nilikuwa mwalimu wa madrasa. Nilikuwa nikiwafundisha watoto maana ya amana, na sikuona uzito wowote katika maneno yale.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilivuka ziwa kutoka Kongo zimejaa hadi maji yanakaribia ukingo, zikawashusha watu Kibirizi, palepale wanapoanika dagaa. Siku moja mchuuzi wa samaki, jirani yangu, alikuja mbio madrasani. Kuna mama amelazwa kwenye turubai, alisema, uchungu umemshika tangu walipokuwa majini, na gari la wagonjwa limekwenda kambini. Nilifunga kitabu nikachukua ufunguo. Nyumba ya shemeji ilikuwa njiani. Nilipita mlangoni kwake bila kusimama.

Yule mama alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini kesho yake waliniita tena, na keshokutwa pia. Wazee, majeruhi, watoto wenye homa. Kila nilipopita mlango wa shemeji nilijiambia nitasimama nikirudi, na nikirudi nilikuwa nimechoka. Siku ya nne ilikuwa vigumu zaidi kusema kuliko siku ya kwanza, kwa hiyo sikusema.

Gari nililiegesha kando ya dagaa, hapakuwa na nafasi nyingine. Kunguru na mwewe wanashinda pale kutwa, na wakishashiba hawachagui pa kuachia. Nililiacha hivyo siku mbili juani. Barua ya kaka ilipofika kwamba atashuka stesheni wiki ile, ndipo nikalitazama vizuri. Boneti na paa vilikuwa na madoa meupe yaliyokauka kama chokaa.

Nililipeleka ufukweni Bangwe kabla ya adhuhuri. Sisi tuliokulia kando ya ziwa hili tunajua kusugua masufuria: unachota mchanga kwa kumbi la nazi, unasugua mpaka bati ling'ae. Juu ya hayo nilikuwa na elimu yangu. Kinyesi cha ndege ni najisi, na najisi huondolewa hadi isibaki alama. Basi nikachota mchanga, nikaanza na doa kubwa la katikati ya boneti, nikasugua kwa nguvu zangu zote.

"Shehe!" sauti iliita nyuma yangu. "Hiyo sufuria utapikia nini? Bukari ama samaki?"

Alikuwa mzee mwembamba, mkimbizi aliyekuwa akifua shati lake majini; bukari kwao ni ugali. Shingoni alivaa msalaba wa mti. Nikamwambia nina haraka, swala imekaribia.

"Haraka ndiyo inaua gari yako. Angalia."

Nilimwaga maji nikaangalia. Doa lilikuwa limetoka, na buluu imetoka nalo. Limebaki baka la ukubwa wa kiganja, jeupe, lenye mikwaruzo kama ya paka. Nikakaa mchangani na kanzu yangu.

Yule mzee alikuja akasimama juu yangu. Kwao Uvira, alisema, alipaka magari rangi tangu ujana wake. "Ndege wa hapa anakula dagaa na mifupa yake, na mchanga. Inatoka vilevile. Ukisugua kavu, unasugua rangi na mifupa. Halafu wewe unaongeza mchanga mwingine! Uko na kitambaa?"

Nilikuwa na taulo langu la kutawadhia. Nililitazama, nikampa.

Kwanza alinifanya nilisogeze gari kivulini, tukangoja bati lipoe. Kisha akalichovya taulo kwenye ndoo ya maji safi, akalilaza juu ya doa moja bila kulikamua, akaketi. Nilinyoosha mkono. Akanipiga kofi vidoleni.

"Acha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka likubali lenyewe. Wewe hujui kungoja? Unafundisha dini gani?"

Tukangoja, mimi nikimweleza kwamba gari ni la kaka, yeye akiliongezea taulo maji lilipotaka kukauka. Alipolinyanyua, doa lilikuwa limelainika kama uji. Hakusugua. Alilichukua kwa upande wa taulo uliokuwa safi, mara moja, akaligeuza taulo, akachukua tena. Mwisho maji yenye sabuni kidogo ya kuogea, maji matupu, na kukausha kwa kugusagusa. Chini yake buluu ilikuwa nzima. Tulifanya hivyo doa baada ya doa. Adhuhuri niliswali palepale ufukweni, yeye akilinda taulo lililolowa.

Likabaki lile baka la kiganja.

"Hili naweza kulificha," alisema. "Nitafutie dawa ya meno na rangi kidogo ya buluu. Kaka yako hataona mpaka mvua za masika."

Kaka angekuja baada ya siku tatu. Nilifikiri nikiwa nimeshika ndoo. Gari lisipoonyesha kitu, hakuna atakayeuliza, na nisipoulizwa sitasema uongo. Nilishangaa jinsi hoja ile ilivyonijia kwa wepesi, mimi mwalimu. Nikamwambia aliache. Alinitazama kidogo, akakamua taulo, akanirudishia. Juma lile walipelekwa kambini, sikumwona tena. Namtaja katika dua zangu hadi leo.

Kaka aliposhuka kwenye treni, watu walimkumbatia na kumwombea hija yake ikubaliwe. Nilingoja tufike nyumbani. Nikamwonyesha boneti, nikamweleza yote mbele ya shemeji: Kibirizi, ndege, mchanga, na ule mlango nilioupita.

Alipitisha kidole juu ya mikwaruzo. "Yule mama alijifungua?"

"Mtoto wa kike. Wote wazima."

"Alhamdulillahi." Kisha akamgeukia mkewe. "Wewe alikuuliza?"

"Kila siku nilimwona akipita," shemeji alisema. "Ningempa ruhusa. Nilikuwa nangoja aje aseme."

Kaka hakunikaripia. Alinyoosha mkono, nikamwekea ufunguo kiganjani. "Gari ni bati tu," alisema. "Lakini ungeliomba, mdogo wangu."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Kibirizi mwenyewe, bado ana uchovu wa safari, akabeba wagonjwa hadi alasiri. Akafanya hivyo muda wote boti zilipokuwa zikija. Hakunialika, na ufunguo hakunipa tena. Ila kila alasiri aliporudi aliegesha kivulini kwenye ukuta wangu, akabisha hodi. Nilitoka na ndoo na lile taulo, nikalilaza juu ya madoa ya siku ile, nikaketi nikangoja.