Mkono wa Kulia wa Tomoe

Kidole kidogo ndicho kilichotangulia. Tomoe Inagaki alikuwa akichambua vitunguu kwenye ghala la ushirika, kazi aliyoifanya kila asubuhi kabla ya mazoezi ya timu yake ya mchezo wa mawe na mafagio juu ya barafu, tangu alipomaliza shule, mara akaona damu kwenye maganda. Akawauliza wenzake nani kajikata. Kumbe ni yeye.

Barafu ya bahari ilipofika pwani, ganzi ilikuwa imekula kiganja chote cha kulia. Daktari hakumung'unya maneno: mshipa wa shingoni umebanwa, aache kufagia leo, la sivyo hata vijiti vya kulia chakula vitamshinda. Tomoe akainama, akashukuru, akatoka, na hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kila fainali ya taifa aliyocheza alishindwa, na timu ikijua habari za mkono ule wangemweka benchi siku hiyohiyo. Alitaka fainali moja zaidi tu. Ukaidi wa aina hiyo unatia hasira, lakini nani hajawahi kuutamani?

Katika mchezo wao, mmoja huliteleza jiwe zito juu ya barafu, na wawili hukimbia mbele yake wakisugua kwa mafagio ili lifike mbali. Ufagio ukigusa jiwe, jiwe hilo limeharibika na hutolewa, na aliyegusa husema mwenyewe bila kungoja refa. Mji wao uliongeza ukali wake: mwenye shaka amegusa. Watoto waliambiwa hivyo kabla hawajajua kusimama kwenye barafu. Tomoe aliwahi kujitaja akiwa msichana, wakati hakuna jicho lililomwona, timu ikafungwa. Watu walimtania mpaka wakachoka, na tangu hapo neno lake halikuulizwa mara mbili.

Asubuhi ya fainali bahari ilikuwa kimya, mawimbi yamefunikwa na barafu. Mama yake, Fusae, alikuwa akipakua wali. Tomoe akaishika sufuria ya supu iliyotoka motoni kwa mkono mtupu, akaipeleka mezani taratibu.

"We Tomoe, nini kinanuka hivyo?"

"Samaki, mama."

"Samaki gani? Leo nimepika mayai!"

Tomoe akaficha mkono chini ya meza, akala kwa kushoto. Mama akamsogezea mayai. Mkono ulioungua haukumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Ukumbini walipeana mikono na wapinzani kama ilivyo desturi. Nahodha wa timu hiyo pinzani, Terashima, mwanamke mpole wa kusini, alisema, "Mchezo mwema." Tomoe aliona vidole vyake vimeshikwa, basi. Akavaa glavu upesi.

Walikwenda sare mpaka jiwe la mwisho. La Terashima lilikuwa karibu na kitovu cha duara. La kina Tomoe lilipaswa kusimama karibu zaidi. Kiyora, nahodha wao mdogo mwenye sauti ya muuza samaki, akaliachia.

"Fagieni! Dada Tomoe, fagia! Usiliache!"

Tomoe akasugua upande mmoja, Shiho, mfagiaji mwenzake, upande wa pili. Mkono wa kushoto hushika mpini juu na kazi yake ni kukandamiza. Wa kulia, ulio chini, ndio unaosikia. Jiwe likapunguza mwendo, likajivuta, likasimama juu ya kitovu. Ukumbi ukalipuka. Kiyora alikuwa tayari analia kwa furaha.

Terashima hakusogea. Alisimama nyuma ya duara, uso umepauka.

"Samahani, dada," alisema kwa upole. "Ufagio haukugusa?"

Shiho akacheka. "Umemuuliza nani! Dada, mwambie twende zetu tukanywe."

Jiwe likiguswa, mtetemo hupanda mpini hadi kwenye kifundo cha mkono. Tomoe akautafuta mtetemo ule mkononi mwake. Hapakuwa na kitu. Angeweza kusema hapana, wala usingekuwa uongo, kwa kuwa hakujua.

"Sijui," alisema.

"Hujui?" Kiyora akafuta machozi. "Wewe? Si wewe ndiye unayejua siku zote?"

Tomoe akavua glavu. Lengelenge la asubuhi lilikuwa limepasuka, ngozi imebaki kwenye kitambaa cha glavu. Alikuwa amefagia mchezo mzima hivyo.

"Mungu wangu, dada," Shiho akanong'ona. "Haikuumi?"

"Tangu vuli sisikii kitu. Niliwaficha. Nisameheni." Akamgeukia nahodha wake. "Mwenye shaka amegusa, Kiyora. Litoe."

"Usinifanyie hivi."

"Litoe, mdogo wangu."

Kiyora akalisogelea jiwe. Kisha akaliondoa kwa mguu, akageukia ukuta. La Terashima likabaki peke yake kwenye duara.

Ikaja tena zamu ya kupeana mikono. Terashima aliupokea mkono wa Tomoe kwa mikono yake miwili, akaushika kwa uangalifu, machozi yakimdondoka juu ya kile kidonda kibichi. Tomoe aliinamisha macho na kuutazama kwa makini, maana bila kutazama asingejua mkono umeachiwa saa ngapi.